Uzi maalumu: silaha na magofu kwenye mchezo wa dadu wa dunia iliyoporomoka, ramani ya Kigoma na Tabora

ReliNaZiwa (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika: mmoja anaendesha mchezo, wengine kila mtu ana mhusika wake, karatasi, penseli na dadu. Nazungumzia aina moja tu, ile ambayo dunia imeshaporomoka, umeme hakuna, serikali hakuna, na waliobaki wanaishi kwa kuokoteza kwenye magofu.

Waendesha mchezo wengi hupanga silaha kivyake na magofu kivyake. Wanaandika bunduki kumi na tano, kila moja na jina lake, halafu gofu linachorwa kama uwanja wa kupigania tu. Kufika kikao cha tatu kila mchezaji ana bunduki na risasi mia, na hakuna anayeogopa kitu. Hivi vitu viwili ni hesabu moja. Risasi inatoka kwenye gofu, na gofu linadai malipo ya muda, kelele na mwanga. Ukishajua gofu lako linatoa nini na linadai nini, ndipo uandike silaha.

Ili tuelewane, kanuni yangu ni hii: tupa dadu mbili za kawaida, jumlisha ujuzi wa mhusika, ukifika 8 umefanikiwa. Asiye na ujuzi anafanikiwa mara 15 kati ya 36, yaani kama asilimia 42. Ujuzi 1 ni mara 21, ujuzi 2 ni mara 26, ujuzi 3 ni mara 30. Ujuzi 4 ungempa mara 33, karibu asilimia 92, na hapo kutupa dadu hakuna maana tena. Ishieni 3.

Silaha ina hali tatu. Nzima inakwama zikitoka 1-1 peke yake. Chakavu inakwama kwa 1-1 na 2-2. Mbovu inakwama kwa 1-1, 2-2 na 3-3. Mvua ikinyesha, shusha hali daraja moja. Hebu tazameni 3-3: jumla ni 6, mwenye ujuzi 2 anafika 8, kwa hiyo amempiga adui, lakini silaha imekwama palepale. Risasi imetoka, ganda limebaki ndani, na adui wa pili anakuja. Kukwamua kunakula raundi nzima ya sekunde 6, na lazima utupe tena upate 8.

Bajeti ya gofu la kikao kimoja cha saa tatu, wachezaji wanne: vyumba 8 hadi 10, risasi zisizozidi 6 kwa jumla. Kila risasi iliyookotwa itupiwe dadu ya tatu ya rangi tofauti siku ya kufyatuliwa, si siku ya kuokotwa. Iliyokuwa pakavu kwenye kopo lililofungwa haiwaki ikitoka 1. Iliyokutwa kwenye unyevu haiwaki ikitoka 1 hadi 3. Ukiitupia siku ya kuokota umeua hofu yote, maana wataingia vitani wanajua kila kitu.

Kibirizi_Boy

Mkuu nimekupata vizuri. Shida moja: michezo mingi inadai dadu ya pande 20, ya pande 12, ya pande 8. Madukani hapa ukiuliza dadu unapewa za ludo. Tunafanyaje?

BintiUjiji

Kaka, karata zinamaliza kazi. Toa jokari na zote zenye picha, zinabaki 40. Nyekundu ni 1 hadi 10, nyeusi ni 11 hadi 20, kila namba ina karata mbili. Rudisha karata na uchanganye kila baada ya kuchomoa. Usiporudisha, uwezekano unabadilika: wachezaji makini watajua ishirini zote mbili zimeshatoka na hawatathubutu tena. Pande 8 ni ree hadi nane za aina moja, tuseme kopa. Pande 12 ni ree hadi kumi, ongeza J na Q.

Kuna sehemu moja ambapo kutorudisha ni kuzuri, nayo ni matukio ya gofu. Weka karata 12, tatu kati yake ni hatari. Kila wanapoingia chumba kipya chomoa moja na uiache nje. Kadiri wanavyokaa ndani bila karata ya hatari kutoka, zilizobaki zinazidi kuwa mbaya, na wanaliona rundo likipungua mezani.

Wengine wanatumia vifuniko vya soda kwenye mfuko, vimeandikwa 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito. Vinafaa, ila piga mstari chini ya 6 na 9, na vile vilivyopinda usivitumie kabisa. Vidole vinavitambua.

Kwa orodha ya vitu vya kuokota, dadu mbili za ludo za rangi mbili zinatosha: moja ni makumi, nyingine mamoja, kuanzia 11 hadi 66. Ni matokeo 36, yote sawa kwa uwezekano.

Mnyanyembe (Tabora)

Naunga mkono hoja ya mleta uzi, na naongeza: kwa ramani yetu, silaha ya katikati iwe gobore, isiwe bunduki ya kivita. Gobore linajazwa kwa mdomoni, halitegemei ganda la kiwandani, na mhunzi wa kijiji anaweza kulirekebisha. Ndiyo silaha pekee ya moto inayoweza kuishi miaka 60 baada ya viwanda kufa.

Namba zake: madhara dadu mbili jumlisha 2. Hadi mita 30 halina adhabu, mita 30 hadi 60 toa 2, kupita hapo ni kupoteza baruti. Hali yake haizidi chakavu hata likiwa jipya. Siku ya mvua tupa dadu ya rangi, ikitoka 1 au 2 baruti imelowa. Moshi wake nje unakaa raundi 2, na kila anayelenga kupitia humo anatoa 2.

Sasa kujaza upya. Askari aliyefunzwa wa zama za bunduki za aina hii alifyatua kama mara tatu kwa dakika, akiwa amesimama kwenye mstari na baruti yake imeshapimwa. Mwokotezaji aliyejibanza nyuma ya ukuta mpe sekunde 30, yaani raundi 5. Hapo ndipo mchezo ulipo. Baada ya mlio mmoja, mwenye gobore ana rungu refu la chuma mkononi, basi. Lazima awe na silaha ya pili na mwenzake wa kumlinda.

Silaha ya pili ni ipi? Mkuki unampa mwenye nao pigo la kwanza mlangoni na kwenye ujia, lakini chini ya paa lililoinama atoe 2. Panga ni la kila mahali, ila angalieni chuma chake. Wahunzi wanapenda springi za gari kwa sababu chuma chake kina kaboni ya kutosha kushika makali. Panga la springi liwe zima. Panga la nondo ni laini, linapinda na makali hayadumu, liandikwe bovu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mabaki ya lori barabarani yana thamani kuliko rundo la nondo, na wachezaji wakishalijua hilo wataanza kuyatafuta malori wenyewe.

Upinde hauna kelele na unapiga kila raundi. Baada ya vita tupa dadu moja kwa kila mshale: 4 hadi 6 umepatikana mzima, 2 na 3 imepatikana ncha tu, 1 umepotea. Manati yana madhara 1 tu, lakini goroli likipiga bati upande wa pili wa gofu linavuta mlinzi. Wachezaji wazuri wanayatumia kwa hilo.

Bunduki ya kivita iwepo moja kwenye kampeni nzima, yaani mfululizo wa vikao vyote, na kila kijiji kwenye ramani kijue iko kwa nani.

KaliuaJunction

Dada Mnyanyembe, kuhesabu risasi mojamoja kunachosha meza. Natumia dadu ya akiba. Akiba kubwa ni pande 12. Kila baada ya kupambana tupa. Ikitoka 1 au 2 unashuka kwenda 10, kisha 8, 6, 4, kisha imeisha. Kwa wastani akiba ya pande 12 inadumu matupo 20, ya pande 10 matupo 14, ya pande 8 matupo 9, ya pande 6 matupo 5, na ya pande 4 matupo 2. Huandiki chochote zaidi ya pande za dadu uliyonayo.

Mnyanyembe

Ndugu yangu, dadu ya akiba ni nzuri kwa chakula, mafuta ya taa, bandeji na mishale. Kwa risasi siikubali. Anayejua ana risasi tatu anafikiri tofauti kabisa na anayejua ana "pande 6". Atamwonyesha adui bunduki bila kufyatua. Atabadilishana moja kwa dawa. Atabaki na ya mwisho hadi inachacha mfukoni. Maamuzi hayo yote yanatoka kwenye hesabu kamili.

Weka maharage mezani, harage moja risasi moja, mbele ya mchezaji ambapo wote wanaona. Ikifyatuliwa, harage linaingia kwenye kikombe na linabaki kuwa ganda tupu, ambalo nalo ni mali. Kwa bajeti ya risasi 6 kwa gofu hakuna mtu atakayechoka kuhesabu. Mtu akifikisha 12, tatizo ni bajeti ya mwendesha mchezo.

KaliuaJunction

Kwa bajeti hiyo ya 6, sawa. Dadu ya akiba ibaki kwenye mishale na mafuta ya taa.

BintiUjiji

Naingia kwenye magofu maana ndiko tunakokosea zaidi. Watu wanachora magorofa ya vioo yaliyoinama, mandhari ya miji ya mbali. Chora unavyovijua, na ujue kila kitu kinakufa vipi.

Nyumba ya tofali mbichi ikikosa paa haimalizi misimu mingi ya mvua. Miaka 60 ni kichuguu chenye majani, kilichobaki ni jiko la mawe na vyungu. Ya tofali za kuchoma inabaki na kuta, ila kenchi zimeliwa na mchwa na bati limelala sakafuni. Isipokuwa kenchi za mninga: moyo wa mti huo mchwa hawauli kirahisi. Kwa hiyo ukimwambia mchezaji "paa bado limesimama na mbao ni za rangi nyekundu iliyoiva," umempa taarifa ya kweli: hapa juu pamekaa pakavu, hapa kuna cha kuokota.

Zege lenye nondo linakufa kutoka ndani. Maji yanafika kwenye nondo, kutu inavimba, zege linapasuka na kubanduka. Ukanda wa bahari chumvi inaharakisha. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, kwa hiyo zege la bandari ya Kigoma mpeni umri mrefu kuliko la Dar es Salaam. Ngazi za zege ziwe na namba ya kubeba: zege zima watu 4, lililopasuka watu 2, lenye nondo nje mtu 1 asiye na mzigo. Wakizidi, kila mmoja atupe dadu afike 8, la sivyo aporomoke, madhara dadu moja kwa kila mita 3.

Majengo ya Wajerumani, mfano stesheni ya Kigoma, yana kuta nene. Hayo ndiyo yatakayokuwa ngome za mabwana wa eneo. Msiyaweke tupu.

Wakaazi wa kudumu wa gofu ni nyuki, popo na nyoka, na nyuki ndio hatari kubwa. Mzinga ndani ya ukuta hauonekani, unasikika. Mlio wa gobore karibu nao unaamsha kundi: madhara 1 kila raundi kwa kila aliye ndani ya mita 20, hakuna kujikinga kwa panga wala ngao, dawa ni kukimbia, na wanakufuata mbali. Hapohapo asali ni bidhaa. Gofu la upande wa Tabora lisilo na nyuki mimi naliona halijakamilika.

Reli iandikwe kwa usahihi. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya kisasa ya SGR ni milimita 1,435. Kiberenge kilichoundwa kwa njia moja hakipandi nyingine. Kwenye mchezo hii inazaa maadui wawili wa asili: wenye reli nyembamba na wenye reli pana, na Tabora ndipo wanapokutana.

Kibirizi_Boy

Dada umenifungua. Na pikipiki je? Wachezaji wangu wote wanataka pikipiki.

ReliNaZiwa

Petroli iliyolala inaharibika ndani ya miezi, ukibahatika mwaka. Dizeli inavumilia kidogo zaidi. Miaka 60 hakuna kitu. Tairi zimepasuka, betri za asidi zilizokaa bila chaji zimekufa miaka ya mwanzo kabisa. Paneli za sola ndizo zinazobaki, zinapoteza nguvu kidogokidogo kila mwaka lakini bado zinatoa umeme. Bila betri nzima, umeme upo mchana tu. Mtumie hilo: mlango wa umeme, pampu au redio inafanya kazi jua likiwaka, na wingu likipita inazima wakiwa katikati ya kazi. Pikipiki wape, wasukume kama baiskeli ya mzigo.

Sasa niwape gofu langu ninalolipenda kuliko yote, maana historia yake imeshajiandikia kanuni. Ni meli, MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikaja vipandevipande kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza walipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, injini zikafaa kutumika tena, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kanuni ninayotoa hapo: kifaa chochote kilichopakwa grisi na mtu aliyejua anachofanya kinabaki chakavu badala ya kufa, hata kama kimezama. Grisi iwe dalili. Mchezaji akigusa chuma gizani akakuta utelezi mzito, anajua kuna aliyetaka kurudi.

Jambo la pili: meli hiyo ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye meli ya kivita Königsberg. Mzinga ulipoondolewa kwenda vitani kwingine, waliweka wa mbao mahali pake, na upande wa pili uliendelea kuuogopa. Mpe adui wako silaha ya mbao. Kuitambua kwa mbali zaidi ya mita 50 ni kutupa dadu na kupata 10, si 8, na anayethubutu kusogea ndiye anayejifunza.

Kwa ramani, chukua mita 70 kwa 10. Daftari la visanduku, kisanduku kimoja mita 2, inaingia kwenye visanduku 35 kwa 5. Sitaha tatu zinatosha: juu, kati, chumba cha injini. Iweke imeinama upande mmoja, sitaha ya chini maji hadi kiunoni. Humo gobore lisifanye kazi kabisa na mkuki utoe 2. Panga na mikono ndiyo silaha. Kinachoanguka nje ya meli kimekwenda. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na hata karibu na mwambao linazama haraka. Kupiga mbizi bila vifaa wape mita 10, mwisho.

Mnyanyembe

Na mimi nilete la huku. Tembe, kama ile ya Kwihara inayohifadhi kumbukumbu za Livingstone na Stanley, ni gofu bora kuliko pango lolote. Vyumba vimezunguka ua wa ndani, ukuta wa nje hauna matundu mengi, mlango mkubwa ni mmoja. Vyumba 9, mlango 1, ua katikati. Anayeshika ua anashika tembe. Anayeshika mlango anashika waliomo ndani. Zile zenye paa la udongo bapa juu ya miti ndizo hatari zaidi: maji yakipenya, udongo unalowa, uzito unaongezeka, linaanguka zima. Masika, kila mlio wa gobore ndani yake tupa dadu, ikitoka 1 chumba hicho kimefunikwa.

Chumba kimoja kiwe ghala la baruti. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani, alijilipua ndani ya ghala la baruti kuliko kukamatwa. Ghala la namna hiyo kwenye mchezo lina sheria moja: mwanga wa moto hauingii. Taa ya chemli ibaki mlangoni. Wanaotafuta baruti wapapase gizani, zamu nzima ya dakika 10 kwa kila pipa, na robo tatu ya mapipa iwe imeshika unyevu.

Fedha msizibuni. Mwaka 1916 Tabora, vita vikiwa vimekata njia zote, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Waligonga heller 5 na heller 20, nyingi kwa shaba nyeupe iliyotoka kwenye maganda ya mizinga, na dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Basi ganda tupu la risasi liwe sarafu ya ramani yetu. Maganda 10 kwa kibaba cha chumvi, maganda 40 kwa risasi moja nzima. Yale maharage kwenye kikombe yana kazi sasa: kila kufyatua kunakurudishia senti, kama utapata nafasi ya kuinama kuokota. Kuokota ganda ni kitendo kizima cha raundi.

KaliuaJunction

Naongeza saa ya gofu, maana imetajwa juujuu. Zamu moja ni dakika 10: kupekua chumba, kuvunja mlango au kufunga jeraha. Kila zamu tupa dadu moja, 1 kuna kinachokuja. Zamu sita, yaani saa moja, uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja ni kama asilimia 67. Juu ya hapo weka kelele: mlango kuvunjwa 1, kelele za watu 1, gobore 3, bunduki ya kivita 4. Ikifika 6, hutupi dadu tena, kinakuja, kisha anza upya sifuri. Panga na upinde ni sifuri, na hapo ndipo bei halisi ya gobore inapoonekana: mawili yakilia umeshaita wenyeji.

Kwa chemli moja, tupa dadu ya akiba ya mafuta ya taa kila zamu 6.

Kibirizi_Boy

Swali la mwisho wakuu. Wachezaji wangu wamegundua njia: hawaingii. Wanawasha moto upande wa upepo, waliomo ndani wanatoka wenyewe, wanapigwa mishale mlangoni. Kila gofu. Nazuiaje bila kuwakataza?

BintiUjiji

Usiwazuie, waache walipe. Moto kwenye gofu lenye bati na kenchi kavu unakula chumba kimoja kila zamu. Kwa kila chumba kilichoungua futa kilichomo isipokuwa chuma tupu: dawa, nguo, karatasi, kamba, asali, vyote vimekwenda. Risasi zilizokuwa humo zinalipuka ovyo, nazo zihesabu kelele 4. Silaha za chuma zilizopita motoni zimepoteza ugumu wake, ziwe mbovu na zisirekebishike bila mhunzi. Moshi mchana wa kiangazi unaonekana kutoka mbali sana kwenye tambarare ya Tabora, kwa hiyo kesho yake kuna kundi la pili linakuja kuangalia kulikoni.

Kisha wapange waliotoka mlangoni vizuri. Watoke na mizigo kichwani, watatu kati ya wanane wana mikuki, mmoja amebeba debe, na kwenye debe kuna yale maganda 200 ambayo wachezaji walikuwa wanayatafuta. Aliyebeba akipigwa mshale, debe linamwagika kwenye majivu ya moto. Kuyaokota yote ni zamu 4.

Kibirizi_Boy

Zamu 4 na kelele imeshafika 6. Nimeelewa, naandaa tembe ya Jumamosi kwa vyumba tisa na ghala.